Neno ni nini? ‘Mathree’ yatoa somo Eastlands

MWALIMU anapokata kwa wino mwekundu kitenzi ‘anakam’ katika insha ya mwanafunzi wa Kaloleni au Buruburu, na kuandika pembeni kwamba hilo si neno, huwa amegusa swali ambalo wanaisimu wenyewe hawajalimaliza.

Kwa mpiga chapa, neno ni kile kilicho baina ya nafasi mbili. Kipimo hicho chafaa kwa kuhesabu tu. Kiingereza husema ‘I will cook for you’ kwa maneno matano. Kiswahili husema ‘nitakupikia’ kwa neno moja lenye mofimu sita, yaani vipashio vidogo kabisa vyenye maana au kazi ya kisarufi. Nacho Kiingereza huandika ‘blackboard’ kwa kuunganisha na ‘ice cream’ kwa kutenganisha, ilhali kila kimoja hutaja kitu kimoja.

Mfano bora zaidi hupita barabarani kila siku. Asili ya ‘matatu’ hunasibishwa na nauli ya zamani ya senti thelathini, ‘mapeni matatu’, sarafu tatu za senti kumi. Hapo ‘matatu’ ni kivumishi: ma- ni kiambishi cha upatanisho, -tatu ni mzizi. Nomino ikadondoka, kivumishi kikarithi kazi yake. Mwaka wa 1973, Rais Jomo Kenyatta alipoyaruhusu magari hayo kubeba abiria bila leseni maalumu, jina lilikuwa limekwisha kukita mizizi.

Mtu angedhani kwamba mshono wa ndani ulifutika. Sheng yakanusha. Aliyetunga ‘mathree’ aliacha ma- mahali pake, akang’oa -tatu na kupachika ‘three’. Huo ni uchanganuzi wa mofolojia, uliofanywa na watu wasiohitaji kujua jina lake. Waliofupisha na kusema ‘mat’, kwa upande mwingine, walikata mzizi katikati bila kuujali. Kwao ni neno zima lisilo na mshono. Neno lile lile, basi, lina sehemu mbili kwa mmoja na moja kwa mwingine, na hakuna aliyekosea.

Turudi kwa ‘anakam’. Mzizi umetoka kwa ‘come’ ya Kiingereza, lakini haufuati sheria za huko: wakati uliopita kijana husema ‘alikam’, kamwe si ‘alicame’. Nafsi na wakati vimebebwa na viambishi vya Kiswahili. Kwa mizani ya mofolojia, hilo ni neno kamili.

Usanifu ni kesi nyingine. Mtihani wa taifa hudai Kiswahili sanifu, na ripoti za watahini zimeilaumu Sheng mara nyingi. Alama itapotea, na ni haki ipotee. Ila ‘si sanifu’ na ‘si neno’ ni mashtaka mawili tofauti. Anayeambiwa la pili huondoka akiamini kwamba usemi wa mtaani kwao hauna sarufi, ilhali kutoka ‘anakam’ hadi ‘anakuja’ viambishi a- na -na- tayari anavyo, tena mahali pake.