Vijizizi vya Mmea

Vijizizi ni mizizi midogo inayochipua kutoka kwenye mzizi mwingine. Wataalamu wa botania hawatazami udogo peke yake, kwani kuna mizizi myembamba ambayo si vijizizi, na kuna vitu vidogo zaidi ya hivyo ambavyo si mizizi kabisa. Kinachotazamwa kwanza ni mahali mzizi ulipoanzia.

Tawi la shina huanza kama chipukizi juu ya ngozi ya shina. Kijizizi huanza ndani kabisa, kwenye tabaka la seli linaloizunguka mishipa ya maji na chakula katikati ya mzizi mama. Hukua kikijipenyeza hadi kiipasue ngozi ya nje na kutokeza udongoni. Ushahidi wake umo jikoni: karoti nene ikipasuliwa kwa urefu, huonekana mistari myembamba iliyopauka ikitoka kwenye kiini na kuelekea pembeni. Hiyo ndiyo njia ya vijizizi. Vyenyewe kwa kawaida huwa vimekatika wakati wa kuvuna na kuosha, vikabaki vishimo na nyuzi chache juu ya ganda.

Mzizi wa kwanza unaochomoza kwenye mbegu ya maharage iliyoloweshwa hauitwi kijizizi, hata ukiwa mwembamba kama uzi. Huo umetokana na kiinitete cha mbegu, na ndio utakaokuwa mzizi mkuu. Vijizizi huja baadaye, ubavuni mwake. Kwa mahindi, mtama na jamii yote ya nyasi, mizizi mingi hutoka chini ya shina lenyewe. Hiyo ni mizizi nyuzi, na kila mmoja una vijizizi vyake.

Mkanganyiko mkubwa zaidi uko kwenye vinyweleo vya mzizi, ule utando mweupe unaoonekana kwenye mbegu zilizooteshwa juu ya pamba mbichi, ambao mara nyingi hudhaniwa kuwa ukungu. Kila kinyweleo ni seli moja tu ya ngozi ya mzizi iliyorefuka. Hakina mishipa, hakitoi matawi ya mizizi, na kwa kawaida huishi siku au wiki chache tu. Kijizizi kina seli nyingi mno, kina mishipa, kina kofia inayolinda ncha yake, nacho huota vinyweleo vyake. Wala vinundu vinavyoonekana kwenye mizizi ya kunde na maharage si vijizizi: ni makazi ya bakteria wanaoigeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea.

Wingi wa mizizi na vinyweleo hauaminiki kirahisi. Mwaka 1937 mtaalamu wa Marekani, H. J. Dittmer, alichapisha hesabu ya mmea mmoja wa rai, nafaka ya nchi za baridi inayofanana na ngano, uliokuzwa kwenye sanduku kwa miezi minne. Alikadiria kuwa ulikuwa na mizizi zaidi ya milioni 13, yenye urefu wa jumla wa kilomita zipatazo 623, na vinyweleo takriban bilioni 14. Sehemu kubwa ya urefu huo ilikuwa ya matawi madogo ya mizizi.

Wanaochunguza misitu wana desturi yao: mara nyingi huweka kwenye kundi la mizizi midogo kila mzizi wenye kipenyo kisichozidi milimita 2, bila kujali ulianzia wapi. Kipimo hicho kinafaa kwa kazi yao ya kuchuja udongo na kupima uzito wa mizizi, lakini hakielezi kijizizi ni nini. Anayeandika kitabu cha shule afadhali ashike maana ya asili, na atakapotumia ile ya kipimo aseme wazi.

Kwa mkulima, tofauti hizi huonekana siku ya kuhamisha miche. Mche wa nyanya uking'olewa kwenye kitalu kikavu, mzizi mkuu hutoka mzima, ila vijizizi vingi hukatika na kubaki udongoni pamoja na vinyweleo vyake. Majani yanaendelea kupoteza maji ilhali njia za kuyaingiza zimepungua, ndipo mche hunyauka hata ukimwagiliwa. Kwa hiyo kitalu kimwagiliwe vizuri kabla ya kung'oa, mche utolewe na udongo wake, na upandwe jioni.