Rangi ya Kijani Inayofichua Jeraha la Jicho

Tarehe 13 Februari 1858, msafara uliotoka pwani ulifika juu ya kilima kinachotazama Ziwa Tanganyika. Wapagazi na askari waliyaona maji, wakafurahi. Mwingereza John Hanning Speke, aliyekuwa miongoni mwao, hakuona ila ukungu na mng'ao, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamevimba na nuru yake imepungua mno. Miezi mitatu kabla ya hapo yeye na mwenzake, Richard Burton, walikuwa wamepokewa kwa ukarimu huko Kaze, jirani na Tabora ya leo, na mfanyabiashara wa Kiarabu aitwaye Snay bin Amir. Kutoka huko njia iliwapeleka Msene, ikavuka Malagarasi, ikapita Uvinza hadi Ujiji. Mtu aliyesafiri mamia ya maili kulitafuta ziwa alilifikia asiweze kulitazama.

Katika msafara ule hapakuwa na chombo cha kuonyesha kama maradhi ya Speke yalikuwa wekundu wa juu juu tu au jeraha lililoingia kwenye konea, yaani kile kioo chembamba kilicho mbele ya mboni. Tofauti hiyo ni kubwa. Wekundu mwingi hupona na kusahaulika, lakini kidonda cha konea kikiachwa huweza kuacha kovu jeupe lisilofutika, au kulitoboa jicho kabisa. Na kwa macho matupu mambo hayo mawili hufanana sana, kwa sababu konea ni angavu, na mkwaruzo juu ya kitu angavu hauonekani kwa wepesi.

Kinachoweza kuyatofautisha leo ni kipande kidogo cha karatasi chenye ncha ya rangi ya machungwa. Rangi hiyo huitwa floresini. Aliyeitengeneza kwanza ni mwanakemia Mjerumani Adolf von Baeyer, mwaka 1871, mwaka ule ule ambao Mtemi Mirambo alianza kupigana na Waarabu wa Unyanyembe na njia ya kwenda Ujiji ikafungwa. Baeyer alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1905.

Sifa ya floresini ni kwamba hupokea mwanga wa buluu na kuurudisha ukiwa kijani chenye umanjano, tena kwa nguvu kiasi cha kuonekana hata ikichanganywa na maji mengi mno. Mwaka 1877 Wajerumani walitaka kujua maji ya Mto Danube yanayozama ardhini yanatokea wapi. Walimwaga kilo 10 hivi za rangi hiyo mahali pa kuzamia, na baada ya saa zipatazo 60 chemchemi ya Aach, umbali wa kilomita zipatazo 12, ikatoka maji ya kijani. Kabla ya mwisho wa karne ile madaktari wa macho walikuwa wamekwisha kuiazima.

Kazi yake jichoni ni rahisi kueleweka. Konea imefunikwa na ngozi nyembamba inayokataa kuipokea rangi. Mhudumu huilowesha ncha ya karatasi kwa tone la maji safi ya dawa, akaigusisha ndani ya kope la chini, na mgonjwa akapepesa. Pale ngozi ilipo nzima, machozi huiosha rangi ikaondoka. Pale ilipochubuka, rangi huingia na kubaki. Mhudumu akimulika kwa mwanga wa buluu, jeraha hung'aa kijani mithili ya jicho la paka gizani. Huonekana umbo lake, ukubwa wake na mahali lilipo. Mikwaruzo ya wima sehemu ya juu humfanya apindue kope la juu atafute punje ya mchanga iliyojificha. Mchoro wenye matawi kama mti humwonya juu ya kirusi cha malengelenge. Mikwaruzo kandokando ya kope zilizogeukia ndani ni dalili ya trakoma, ule ugonjwa wa vikope ambao Kongwa, katika nchi ya Ugogo, imechunguzwa kwa miongo kadhaa. Haya yote hayachukui hata dakika tano.

Tuseme pia kwa nini ni karatasi wala si chupa. Zamani rangi hiyo iliwekwa majimaji, ikagundulika kwamba bakteria hatari kwa konea hustawi humo, na chupa moja ikaweza kuwadhuru wagonjwa wengi. Karatasi iliyofungwa peke yake hutumika kwa mgonjwa mmoja, ikatupwa. Mzazi ana haki ya kuona ikifunguliwa mbele yake.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndipo macho mengi hupotea. Watu wa Tabora ni wakulima wa tumbaku na mpunga, wapasuaji wa kuni, warina asali. Ganda la mpunga au tawi kavu likimpiga mtu jichoni, majirani huja na ushauri kabla jua halijatua. Mmoja ataleta majani yaliyopondwa, wa pili maziwa ya mama, wa tatu asali. Asali ya Tabora ni tunu na mezani hatuna neno nayo, lakini asali mbichi haikusafishwa vijidudu, na konea iliyochubuka ni mlango ulio wazi. Jeraha la mmea lina hatari yake ya pekee, kwani huweza kupanda kuvu ndani ya jicho. Utafiti wa Foster na Sommer kuhusu watoto wa Tanzania wenye vidonda vya konea, uliochapishwa mwaka 1987, uliyataja surua, upungufu wa vitamini A, kirusi cha malengelenge na dawa za kienyeji za macho kuwa miongoni mwa sababu. Kwa hiyo chanjo ya surua ni dawa ya macho pia, jambo ambalo wazazi wengi hawalifikirii.

Hatari nyingine imevaa joho la hospitali. Ni ile chupa iliyobaki kabatini, aliyoandikiwa mjomba mwaka jana. Matone yenye steroidi huondoa wekundu upesi, na mgonjwa hushukuru, kumbe yanalegeza ulinzi wa jicho na kukiachia kirusi au kuvu kile kidonda. Ndiyo maana mhudumu makini hupima kwa floresini kwanza, kisha ndipo huandika dawa. Si vibaya kumwuliza kwa adabu kama konea imepimwa kwa rangi. Mwenye kuvaa lenzi azitoe kabla ya kipimo, kwani lenzi laini hunywa rangi hiyo.

Kwa wenye kisukari, floresini ina kazi nyingine, katika hospitali kubwa. Hupigwa sindano mkononi, na kwa sekunde 10 hadi 15 hufika nyuma ya jicho, kamera ikapiga picha za mishipa inayovuja au iliyoziba. Njia hiyo ilichapishwa mwaka 1961 na Wamarekani wawili, Novotny na Alvis, waliokuwa bado wanafunzi wa udaktari. Baada yake ngozi huwa ya manjano kwa saa kadhaa na mkojo hubadilika rangi kwa siku moja au zaidi. Familia isidhani ni homa ya manjano. Mwenye kuwashwa, kutapika au kubanwa na pumzi aseme pale pale.

Wako wanaoahirisha kipimo mwezi wa Ramadhani. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu, jicho si njia iliyo wazi kwenda ndani, hivyo tone la jichoni halibatilishi saumu hata ladha ikihisiwa kooni. Wamaliki wana kauli nyingine ikiwa dawa imefika kooni. Wanavyuoni wengi wa zama hizi hawaoni kuwa sindano isiyo ya lishe inafunguza. Mwenye shaka amwulize shekhe wake siku hiyo hiyo, kwa sababu kidonda cha konea huweza kupanuka katika muda wa siku moja.

Aliyeumia aanzie kituo cha afya kilicho karibu, na akipewa rufaa Tabora aende Hospitali ya Mkoa ya Kitete bila kungoja wiki ipite. Akirudi kuangaliwa atapakwa rangi tena. Mkwaruzo mdogo usio na vijidudu kwa kawaida hufunga ndani ya siku mbili au tatu, na ile alama ya kijani huonekana imepungua, au haipo kabisa.