Hori au Jahazi? Jinsi Kompyuta Inavyoamka

Ndugu wanavikundi, tumeulizwa swali hili: kompyuta ya kikundi ikichelewa kuwaka, je, tumkubalie fundi abadilishe ile programu ya kuiamsha?

Mkibonyeza swichi, kompyuta haijui kitu. Haijui hata hesabu za duka lenu ziko wapi. Ndani yake mna chipu ndogo yenye programu ya kuamshia. Hiyo huamsha kumbukumbu na vyombo vingine, kisha huita Linux au Windows kutoka kwenye diski. Ni kama hori: linakutoa ufukoni, linakufikisha kwenye jahazi lililotia nanga, basi, kazi yake imekwisha.

Wako mafundi wanaosema, hori la nini? Tuweke kerneli ya Linux, yaani moyo wa mfumo wenyewe, mle mle ndani ya chipu. Ron Minnich na wenzake walianza hivyo mwaka 1999 kule Los Alamos, Marekani. Mradi uliitwa LinuxBIOS, na tangu 2008 unaitwa coreboot. Hoja yao ina nguvu: kerneli tayari inajua diski na mitandao ya kila aina, na imejaribiwa na watu wengi. Shida ni kina cha maji. Jahazi haliji ufukoni maji yakipwa, na chipu nyingi za siku zile hazikuwa na nafasi ya kubeba Linux nzima. Hata zile kompyuta za watoto za XO, zilizogawiwa Rwanda kuanzia 2008, chipu yake ilikuwa ya megabaiti 1 tu, nazo ziliamshwa na programu ndogo, Open Firmware. Kwenye seva kubwa za leo nafasi ipo, na tangu 2018 mradi wa LinuxBoot unafuata tena njia ya kerneli.

Sasa sisi wenye kompyuta moja ya msaada na betri ya sola? Tunasema wazi: msiiguse chipu. Umeme ukikatika fundi akiwa katikati ya kuiandika, mashine haiamki tena, hata diski iwe nzima. Itabidi ivuke hadi Mokowe, ipande basi la Mombasa, ikatafutiwe mwenye chombo cha kuiandika upya. (Na nauli je? Mweka hazina anajua.)

Mara nyingi uchelewaji hautoki kwenye chipu. Fundi aitazame kwanza diski yenyewe, tena na ile betri ndogo ya saa, ambayo ikiisha kompyuta husahau tarehe. Kabla hajaja, nakilini hesabu zote kwenye flashi, mumpe katibu aiweke.