Vijana Wetu na Kazi za Ng'ambo



Msimu uliopita, katika siku za kuanika, alikuja ofisini kwetu mzee mmoja mwanachama kutoka kaskazini ya Pemba, akifuatana na binti yake. Hakuja kwa habari ya majamvi wala magunia. Alitaka tumwandikie barua ya kushuhudia kwamba mikarafuu 40 iliyomo shambani mwake ni yake na haina mgogoro, maana alikwisha kumpata mtu wa kuikodi kwa misimu mitatu, naye alitaka fedha zote kwa mara moja. Tulipomwuliza fedha hizo za nini, alimtazama binti yake, kisha akasema, "Huyu anakwenda Maskati, Bwana Katibu. Wakala anataka chake kwanza."

Twaandika habari hii kwa ruhusa ya mzee mwenyewe, bila ya kumtaja jina wala kijiji, kwa kuwa twajua si yeye peke yake aliye katika shauri hili.

Binti yule amemaliza kidato cha nne, na alama zake hazikumfikisha mbele. Chuo kikuu hakimo katika hesabu yake. Lakini nyumba za Oman, Saudi Arabia, Imarati, Kuwait na Qatar hazimwulizi mtumishi shahada. Zamwuliza afya, pasi ya kusafiria na mikono. Hali kadhalika wavulana wetu wanaotafuta udereva, uashi, ulinzi na kazi za hoteli. Ndiyo maana njia ya huko yaonekana nyeupe kwa kijana ambaye hapa kila mlango umwonyesha karatasi asiyokuwa nayo.

Hatumlaumu mtu kwa kutaka kwenda. Karafuu haizai sawasawa kila mwaka, na kila mkulima ajua kwamba baada ya mwaka mkubwa huja miaka ya kuhesabu pishi kwa vidole. Tena Oman si nchi ya kigeni kwetu kama nchi nyingine. Wako watu wengi Maskati na katika miji ya ndani wasemao Kiswahili nyumbani mwao, ambao wazee wao walitoka Unguja na Pemba baada ya mwaka 1964, na wengine waliitikia mwito wa Sultan Qaboos wa kurejea baada ya mwaka 1970. Mzazi akisikia kwamba bibi wa nyumba asema Kiswahili, moyo wake hutulia. Na hapo ndipo penye hatari, maana moyo ukitulia, jicho halisomi.

Tulimwomba mzee atuonyeshe mkataba. Akatoa karatasi mbili, moja ya Kiswahili na moja ya Kiarabu. Tukamwomba binti asome ile ya Kiarabu. Alisoma vizuri sana, kwa sauti iliyonyooka, kama alivyofundishwa chuoni, hata wanachama wawili waliokuwa wakingoja zamu yao wakanyamaza kumsikiliza. Alipomaliza tulimwuliza, "Umesema mshahara ni kiasi gani?" Akainama. Hakujua. Baba yake hakujua. Na sisi, tuliosoma chuo hicho hicho na kuvaa viatu vya sekondari juu yake, ilitubidi kukaa na kamusi karibu saa nzima.

Karatasi ya Kiswahili ilisema riali 100 kwa mwezi na siku ya mapumziko kila Ijumaa. Ya Kiarabu ilisema riali 70, na siku ya mapumziko haikutajwa kabisa. Mahali pa saini palikuwa katika karatasi ya Kiarabu tu.

Wanachama wafahamu kwamba tofauti hiyo si jambo dogo la makarani. Katika nchi nyingi za Ghuba ruhusa ya mfanyakazi ya kukaa nchini imefungwa kwa mwajiri wake, yaani kafili. Akiondoka kwake bila ya ridhaa yake au bila ya kufuata taratibu za serikali, huweza kuandikwa kuwa ametoroka, naye huwa mkosaji hata kama alikimbia njaa au kipigo. Sheria mpya ya Kazi ya Oman ya mwaka 2023 haikuwaingiza watumishi wa nyumbani. Wao wana kanuni zao mbali. Basi mkataba ndio ngao ya kwanza ya binti akiwa ndani ya nyumba ya watu, na yule aliyetia saini riali 70 hatasaidiwa na karatasi ya Kiswahili aliyoiacha Pemba chini ya godoro.

Mwezi wa Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watumishi wa nyumbani wa Kitanzania walioko Oman na Imarati, baada ya kuzungumza na wanawake 50. Karibu wote walisema kwamba pasi zao zilichukuliwa na waajiri au mawakala. Wengi walieleza saa za kazi zisizokuwa na mwisho, mishahara iliyopunguzwa au kuzuiwa, na wengine mapigo na mambo ya aibu tusiyoweza kuyaandika katika jarida lisomwalo mbele ya watoto. Wako pia waliokwenda wakakaa vizuri, wakajenga nyumba ya mawe na kuwasomesha wadogo zao, nasi twawajua. Lakini mtu hawezi kulima kwa kumtazama jirani aliyepata tu.

Tena hali si moja katika kila nchi, na yafaa mzazi aulize. Kuwait ilitunga sheria ya watumishi wa nyumbani mwaka 2015, yenye siku ya mapumziko kila wiki na siku 30 za likizo kwa mwaka, na mwaka 2016 ikaweka kima cha chini cha dinari 60 kwa mwezi. Qatar ilitunga yake mwaka 2017, saa 10 za kazi kwa siku, na tangu Machi 2021 kima cha chini ni riali za Qatar 1,000, pamoja na chakula na malazi au fedha badala yake. Sheria iliyoandikwa si sheria inayofuatwa katika kila nyumba, hilo twalijua, lakini anayeijua huwa na la kusema.

Sasa tuje kwenye mikarafuu 40, maana hili ndilo lililotutia uchungu. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, wakataza mawakala wa kazi kumtoza mfanyakazi ada. Sheria ya watumishi ya Imarati ya mwaka 2017 nayo ilikataza hivyo hivyo. Anayemtaka mtumishi ndiye mwenye kulipa. Basi wakala anayemwambia mkulima wa Pemba auze mavuno ya misimu mitatu ili binti yake akaajiriwe, huyo anakula pande mbili.

Na sisi wenyewe tuna kosa la kukiri. Mwaka juzi alikuja mwanachama mwingine kutaka barua kama ile, nasi tukamwandikia pasina kumwuliza neno, tukapiga na muhuri. Mwanawe alipelekwa kwa viza ya matembezi, ambayo haimpi mtu haki ya kufanya kazi. Baada ya miezi minne alirejea na mkoba ule ule. Mikarafuu ingali mikononi mwa mkodi, na baba yake msimu uliopita alipanda miti aliyoipanda baba yake, akachuma kwa ujira wa pishi kama kibarua. Wazee wanaokumbuka hadithi za madeni ya zamani, yaliyoilazimisha serikali mwaka 1934 kutunga sheria ya kuzuia mashamba yasihamie ovyo mikononi mwa wengine, watatufahamu kwa nini usiku ule hatukulala vizuri.

Kwa hiyo barua ya mzee huyu hatukuiandika siku ile. Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika, maana mikarafuu ni yake si ya Chama. Alisema, "Mwataka mwanangu achambue karafuu mpaka lini?" Hatukuwa na jibu zuri. Tulimwomba wiki mbili tu. Tulimwandikia wakala kutaka mkataba mmoja wa lugha mbili, wenye riali 100, Ijumaa, na maneno kwamba pasi itakaa na binti mwenyewe. Tukampeleka mzee kwenye ofisi ya Kamisheni ya Kazi kuuliza kama wakala ana leseni. Leseni anayo. Mkataba mpya ulikuja baada ya wiki tano, wenye riali 90 na Ijumaa. Neno la pasi halimo. Ada imeshuka, haikufutwa. Mzee amekodisha mikarafuu 10 kwa msimu mmoja, na barua hiyo tuliiandika.

Binti ameondoka mwezi uliopita. Ameandika namba ya ubalozi wetu wa Maskati nyuma ya jalada la juzuu yake, na nakala ya mkataba imo katika kabati la ofisi. Ametuma salamu mara mbili kwa simu. Mara ya pili ilikuwa fupi, na mama yake hajaipenda.

Kwa wavulana, twakumbusha kwamba vyuo vya amali vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji hufundisha ufundi ambao cheti chake humwezesha mtu kuajiriwa kama fundi badala ya kibarua. Habari zake tutazieleza kwa urefu katika toleo lijalo.

Wenye mikataba ya kwenda ng'ambo waje nayo ofisini Jumatatu na Alkhamisi, saa mbili mpaka saa sita asubuhi, kabla ya kutia saini na kabla ya kupatana na mkodi. Waje na karatasi zote mbili, na kijana mwenyewe awepo.

Katibu wa Chama