Ng'ombe wa Oktoba na nafasi ya Mlimani

Septemba ikifika hunijia wazazi wenye swali linalofanana. Wa mwisho alikuwa mwenye duara, yaani shimo la kuchimba dhahabu, kutoka upande wa Katoro, Geita, amekuja na simu ya binti yake mkononi. "Mwalimu, mtoto amepata Mlimani, amepata na Dodoma. Wanataka tuthibitishe kimoja. Sasa mkopo tutajua lini kama tumepata?" Nilimjibu kwamba utajulikana baada ya kuthibitisha. Aliniangalia kama mtu aliyeuziwa kifusi kisichopimwa.

Lakini ndivyo ratiba ilivyo. Tangu 2017 mwombaji hupeleka maombi yake moja kwa moja chuoni. Mfumo wa pamoja ulioanza 2010 chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, uliachwa. Kwa hiyo kijana mmoja anaweza kuomba vyuo vitatu na kuchaguliwa vyote. Akichaguliwa zaidi ya kimoja, hutumiwa namba maalumu ya kuthibitisha, na muda wa kufanya hivyo ni mfupi. Bodi ya Mikopo, HESLB, nayo hugawa fedha kwa wale ambao udahili wao umeshajulikana, na orodha zake za kwanza hutoka vyuo vikiwa mlangoni kufunguliwa. Mzazi anachagua chuo gizani.

Ushauri wangu kwa hiyo ni mmoja, na wengine huuona mkali: chagua chuo ambacho nyumba yenu inaweza kukihimili siku 60 za kwanza bila senti ya mkopo. Mkopo ukija, ni nafuu. Ukichelewa, mtoto hatalala njaa.

Tuipige hesabu hiyo. Ada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, kwa Mtanzania wa shahada ya kwanza si ya kutisha ukilinganisha na vyuo binafsi. Programu nyingi ziko kati ya milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka. Tuseme ya binti wetu ni 1,300,000, na muhula wa kwanza analipa nusu: 650,000. Ongeza bima ya afya ya mwanafunzi 50,400 na ada ya uthibiti ubora ya TCU 20,000. Nauli ya basi kutoka Geita, safari ya zaidi ya kilomita 1,200, weka 70,000. Chakula cha 6,000 kwa siku, siku 60, ni 360,000. Akikosa kitanda bwenini, na wa mwaka wa kwanza wengine hukosa, atapanga geto. Mwenye nyumba wa Dar es Salaam hataki kodi ya mwezi mmoja mmoja. Chumba cha 80,000 kwa miezi sita ni 480,000, wakigawana wawili ni 240,000 kila mmoja. Jumla ni 1,390,400, na hapo sijaweka godoro, ndoo wala kompyuta.

Angalia vizuri: ada ni chini ya nusu ya jumla hiyo. Kinachomrudisha mtoto nyumbani mara nyingi ni geto na sahani ya wali. Ndiyo maana Dodoma, chuo kilichoanzishwa 2007 kikiwa na mabweni mengi ndani ya eneo lake, kinaweza kuwa nafuu kuliko Mlimani hata ada zikilingana. Na kwa mtu wa Geita, vyuo vya Mwanza vimesogea tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Hakuna tena kusubiri kivuko. Ila vya Mwanza vingi ni vya binafsi, na kwa udaktari pengo la ada ni kubwa kiasi kwamba kuwa karibu na nyumbani hakuwezi kulifidia.

Wazazi wa huku hushtuka kwa sababu hawajazoea bili. Kidato cha kwanza hadi cha nne shule za serikali hazidai ada tangu 2016, na kidato cha tano na cha sita tangu mwaka wa masomo 2022/23. Mtoto amesoma miaka sita ya sekondari kwa michango na daftari, halafu barua moja inadai fedha ya ng'ombe kadhaa.

Ng'ombe wenyewe nao wana majira yao. Vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba, mwisho wa kiangazi, malisho yamekwisha na mifugo imebaki mbavu. Mnadani wakati huo kila mtu anauza, wachache wananunua. Ng'ombe wa chuo auzwe Juni au Julai angali na nyama, na fedha ziwekwe benki, si chini ya godoro ambako zitageuka mchango wa harusi. Mpunga ni kinyume chake: bei huwa chini wakati wa mavuno na kupanda ghala zikianza kuwa tupu, basi magunia yasubiri. Mwenye pamba peke yake ana kazi ngumu zaidi, maana Oktoba anatafuta mbegu na ada kwa wakati mmoja.

Dhahabu ndiyo yenye tatizo la aina yake. HESLB hupima uwezo wa familia, na hutaka kujua mwombaji alisoma wapi na nani aliyemlipia. Kama alifadhiliwa, barua ya mfadhili huhitajika. Sasa mchukue mwenye duara. Mwaka ambao mwamba ulitoa, aliwapeleka watoto shule ya kulipia. Miaka mitatu baadaye duara limejaa maji, anaishi kwa kuosha marudio, mchanga uliokwisha kuchenjuliwa. Fomu inaiona ile shule, hailioni duara. Hali ni hiyo hiyo kwa wa Kahama waliokuwa na ajira migodini: Bulyanhulu ilipunguza shughuli 2017 baada ya zuio la makinikia, na uzalishaji wa Buzwagi ulifika ukingoni 2021. Karatasi za mwaka wa neema hubaki kwenye faili muda mrefu kuliko mshahara wenyewe.

Dawa yake ni karatasi nyingine. Barua ya kuachishwa kazi, cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, namba ya kaya kama mpo TASAF, barua ya aliyemlipia ada ikieleza lini aliacha na kwa nini. Maombi ya mkopo yana ada ya 30,000 na dirisha lake hufunguliwa katikati ya mwaka. Vyeti vianze kuhakikiwa mapema. Akipata asilimia ndogo, pengo mara nyingi huangukia kwenye ada. Dirisha la rufaa likifunguliwa alitumie, akiwa na kielelezo kipya, si malalamiko yale yale.

Fedha ya kujikimu, ambayo wanafunzi huiita bumu, ni 10,000 kwa siku kwa aliyepangiwa kikamilifu, na hutolewa kwa mafungu. Fungu la siku 60 ni 600,000. Na ni deni. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliyokuwa ikiwaumiza wadaiwa ilifutwa 2021.

Kuna njia nyingine ambayo wazazi wa ukanda huu wa madini huidharau. Tangu 2023/24 HESLB inakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na madini na sayansi za ardhi zimo. Kijana mwenye D mbili ana pointi nne, kiwango cha chini cha kuomba shahada, lakini kwenye programu inayogombewa Mlimani D hizo hazimfikishi mbali. Stashahada ya uchimbaji, kisha kazi, kisha shahada, kwa mtazamo wangu ni mpango bora kuliko shahada yoyote iliyopatikana mradi aitwe wa chuo kikuu.

Nimeacha mwisho jambo dogo linaloharibu mengi. Wengi wa kidato cha sita huwa kambini JKT wakati maombi yanapokaribia, simu hazipo. Ndugu anakwenda steshenari, kijana wa pale anajaza kila kitu, na kwa kuwa ana haraka anaweka namba yake mwenyewe na barua pepe aliyoitunga hapo hapo. Mwezi mmoja baadaye namba ya kuthibitisha inaingia kwenye simu ya mtu ambaye ameshahama mji. Mwaka jana nilimsindikiza mzazi kutafuta kijana wa aina hiyo kutoka Kahama hadi Tinde. Tulimpata jioni, dirisha lilikuwa limefungwa mchana.

Sajilini laini ya mtoto kabla hajaenda kambini, mzazi abaki nayo, na asimpe mtu wa steshenari neno la siri bila kuliandika kwenye daftari la nyumbani.