Chombo Nangani na Maji ya Mvua

Mwenye dau au mashua ndogo, akiulizwa adui wa chombo chake ni nani, aghalabu atataja wimbi, mwamba na dhoruba, na ni wachache watakaoitaja mvua. Walakini kila masika, katika madiko ya Unguja na ya Mrima, huonekana asubuhi vyombo vilivyozama hapo hapo vilipotiwa nanga, mlingoti tu ukichungulia, bila ya ubao kupasuka wala kalafati kutoka.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua, ikishuka juu ya mita moja ya mraba, ni lita moja ya maji, na lita hiyo ina uzito wa kilo moja. Basi dau lenye urefu wa mita 6 na upana wa mita moja na nusu katikati, ukitoa wembamba wa omo na tezi, hukinga mvua kwa uwazi wa takriban mita 6 za mraba; na ikinyesha usiku mmoja milimita 50, jambo lisilo ajabu Unguja katika mwezi wa Aprili, ambao kwa wastani hupata zaidi ya milimita 300, litaamkia lita 300 ngamani, yaani madebe 15, uzito wa watu wazima watano. Na lau watu hao wangeketi kimya pasingekuwa na taabu kubwa. Bali maji hayaketi. Chombo kikiinama kidogo kwa wimbi, maji yote hukimbilia upande ule ule na kukilaza zaidi, hata ukingo ukafikia usawa wa bahari, na hapo bahari yenyewe ikaimaliza kazi iliyoanzwa na mvua.

Fauka ya hayo liko dhara la pili, la polepole, nalo kwa rai yangu ndilo kubwa zaidi. Maji ya bahari huuhifadhi ubao, kwani kuvu iozeshayo mbao haistawi penye chumvi. Ama maji ya mvua, kwa kuwa hayana chumvi, hujipenyeza katika maungo ya mbao na mataruma, penye kiza na pasipopita hewa, yakakaa humo na kuuozesha mti kwa ndani. Niliiona mashua ya jamaa yangu mmoja, nje imepakwa sifa ya papa ikang'aa, chini imetiwa deheni ya shahamu na chokaa kila ilipopandishwa pwani, ilhali ndani, karibu na tezi, mataruma mawili yamegeuka unga kwa maji ya mvua yaliyoachwa humo masika hata masika. Ilinisikitisha mno, kwani mikono iliyoipaka sifa ile haikuwa mivivu; ilikosa tu kujua ni maji yapi ya kuogopwa.

Kinga ya kwanza ni paa. Turubai likitandazwa bapa juu ya kingo hufanya tumbo, tumbo likajaa, na uzito wake ukalipasua. Hivyo halina budi kuwa na mgongo, nao hupatikana kwa kuilaza foromali, au upondo imara, kutoka omo hata tezi juu ya panda mbili, turubai likateremka pande zote mbili kama paa la nyumba, upindo wake ukizidi kingo kwa shibiri moja ili maji yadondoke baharini. Kamba zake zipitishwe chini ya mkuku, kwa maana zikifungwa ndani ya chombo maji huifuata kamba na kuingia nayo. Wala kisifunikwe gubigubi, kwani huko ni kuufungia unyevu ndani: maadamu chombo kilichotia nanga huuelekezea upepo omo, mkondo usipokishinda nguvu, turubai lishushwe chini mbele, na nyuma paachwe wazi hewa ipite.

Zipo siku hizi pampu za betri zijiwashazo zenyewe maji yakipanda, nazo ni neema, lakini betri yaweza kuisha usiku ule ule wa mvua nyingi, na jani moja au magamba ya samaki hutosha kuliziba tundu. Mimi nauamini zaidi upo wa kufulia maji, pamoja na kijana wa kuutumia kila alfajiri, hata siku ya manyunyu. Chombo kinachopwelewa juu ya mchanga kina nafuu, kwani huvutwa nguruzi tu maji yakatoka yenyewe, ila nguruzi hiyo ifungwe uzi karibu na tundu lake, maana maji yakijaa hayamngoji anayeitafuta.

Jua likitoka, turubai livuliwe, mbao za sakafu ziinuliwe, na vijitundu vilivyo chini ya mataruma vizibuliwe kwa kijiti. Kisha zimwagwe ngamani ndoo mbili tatu za maji ya bahari, yazunguke kila pembe yakiisafisha mvua, ndipo nayo yafuliwe. Na mgeni wa pwani, akipita na kumwona mtu aliyekwisha kukausha chombo chake akikitia maji tena kwa mkono wake mwenyewe, atasimama kuuliza sababu.