Kufuta Programu Kwenye Simu Hakusitishi Malipo: Hatua Tatu za Kuzingatia

Watumiaji wa simu janja wanaolipia huduma kupitia programu tumishi, maarufu kama aplikesheni, wanapaswa kutambua kuwa kuiondoa programu kwenye simu hakusitishi malipo yake. Usajili huendelea na fedha hukatwa kila kipindi kinapofika, hadi mhusika atakapousitisha mwenyewe.

Hali hiyo inatokana na ukweli kwamba programu na usajili ni vitu viwili tofauti. Programu hukaa ndani ya simu, ilhali usajili ni makubaliano ya malipo yanayohifadhiwa katika akaunti ya mtumiaji kwenye duka la programu, yaani Google Play kwa simu nyingi za Android na App Store kwa simu za iPhone. Simu ikipotea, ikiuzwa au ikibadilishwa, makubaliano hayo hubaki palepale. Kwa mfano, anayetozwa shilingi 5,000 kwa mwezi kwa programu aliyokwisha kuifuta, atapoteza shilingi 60,000 kwa mwaka kwa huduma asiyoitumia.

Hatua ya kwanza: Kusitisha usajili

Kwa simu ya Android, mtumiaji hufungua Google Play, hugusa alama yenye picha au herufi ya jina lake upande wa juu, kisha huchagua sehemu ya malipo na usajili. Hapo ataona orodha ya huduma zote anazolipia. Atachagua anayotaka kuiacha, ataamuru isitishwe na kuthibitisha. Mwenye akaunti zaidi ya moja za Google ahakikishe ameingia katika ile aliyojisajilia, kwani vinginevyo orodha itaonekana tupu.

Kwa simu ya iPhone, mtumiaji hufungua mipangilio ya simu, hugusa jina lake lililo juu, kisha huchagua sehemu ya usajili na kusitisha huduma husika.

Iwapo malipo yalifanywa moja kwa moja katika tovuti ya kampuni inayotoa huduma, usajili huo hautaonekana katika maduka hayo. Katika hali hiyo, mhusika hulazimika kuingia katika akaunti yake kwenye tovuti ya kampuni na kuusitisha huko. Vivyo hivyo, huduma za ujumbe mfupi zinazokata salio la simu husitishwa kwa kufuata maelekezo ya kujiondoa yanayotolewa na mtoa huduma, au kwa kupiga simu kituo cha huduma kwa wateja cha mtandao husika.

Muda nao ni jambo la kuzingatia. Programu nyingi hutoa kipindi cha majaribio bila malipo, na kipindi hicho kikiisha, makato huanza bila mtumiaji kuulizwa tena. Kampuni ya Apple huwataka wateja wake kusitisha majaribio angalau saa 24 kabla hayajaisha. Kwa usajili uliokwisha kulipiwa, kuusitisha mapema kwa kawaida hakumnyimi mtumiaji huduma. Ataendelea kuipata hadi mwisho wa kipindi alichokilipia.

Kuacha kadi ya malipo bila fedha si njia ya kusitisha usajili. Duka la programu linaweza kujaribu tena kukata malipo, na fedha zitakapoingia kwenye kadi zinaweza kuchukuliwa.

Hatua ya pili: Kufuta akaunti na taarifa

Baada ya kusitisha malipo, taarifa ambazo mtumiaji aliikabidhi programu, kama vile jina, namba ya simu, picha na orodha ya majina ya watu anaowasiliana nao, huweza kubaki kwa mmiliki wa programu. Kwa sababu hiyo, ni vyema akaunti ifutwe kwanza kupitia mipangilio ya programu yenyewe. Tangu Juni 30, 2022, Apple imezitaka programu zinazoruhusu watu kufungua akaunti ziwawezeshe pia kuifuta humo humo. Google nayo ilitangaza sharti la aina hiyo Aprili 2023.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mwananchi haki ya kufahamu taarifa zake zinazochakatwa na kupinga zisitumike kwa matangazo ya biashara. Asiporidhika, anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Tahadhari hiyo ina uzito zaidi kwa programu za mikopo. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yaliyokuwa yakiendesha shughuli bila leseni. Kuifuta programu ya mkopo hakufuti deni, wala hakurejeshi namba za ndugu na marafiki zilizokwisha kunakiliwa. Ni busara kuthibitisha leseni ya mkopeshaji kabla ya kupakua programu yake.

Hatua ya tatu: Kuiondoa programu

Malipo yakishasitishwa na akaunti kufutwa, ndipo programu iondolewe kwenye simu. Mtumiaji atunze ujumbe wa kuthibitisha kuwa usajili umesitishwa, kisha akague taarifa za benki au za akaunti ya fedha za simu katika tarehe ambayo makato yangefanyika.

Makato yakiendelea, lalamiko lianze kwa mtoa huduma. Kwa huduma za mawasiliano, mwananchi asiyeridhika na majibu anaweza kulifikisha lalamiko lake kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Wananchi wanakumbushwa pia kuwa kusitisha usajili hakuhitaji kumtajia mtu yeyote namba ya siri. Anayepiga simu akiahidi kusaidia kurejesha fedha kwa sharti la kupewa namba hiyo ni tapeli, na namba aliyoitumia iripotiwe kwa kutuma ujumbe mfupi kwenda 15040.